"Plasmidi imegoma": kulitafuta kosa kuanzia sahani ya bakteria hadi jani la muhogo

Simu ya namna hii huingia jioni, nimeshakaa barazani kwangu Shangani, Mtwara, kikombe cha chai mkononi. "Shikamoo kaka. Samahani kwa usumbufu. Plasmidi imegoma."

"Marahaba, mdogo wangu. Imegomea wapi?"

Hapo kimya kinaingia. Sahani imebaki tupu? Au imejaa koloni, lakini ukizipima hazina kitu? Bakteria wameota vizuri ila tishu ya muhogo haikupokea? Au chipukizi limestahimili dawa, likakua, likapendeza, halafu jeni halimo? Kila dalili ina mlango wake. Na kwa muda wote niliofanya kazi hii, mara chache sana mkosaji amekuwa plasmidi yenyewe.

Plasmidi ni duara dogo la DNA linaloishi ndani ya bakteria, na ile ya kuingizia jeni kwenye mimea, tunayoiita vekta, hulala nyumba tatu. Ya kwanza ni E. coli, ndiko tunakoiunda na kuizalisha. Ya pili ni Agrobacterium tumefaciens, bakteria wa udongoni mwenye kazi ya ubebaji. Ya tatu ni seli ya mmea, na huko haifiki yote: kinachoingia ni kipande kiitwacho T-DNA, kilichokaa kati ya mipaka miwili, kila mpaka una jozi 25 za besi. Nje ya mipaka kuna vitu vya kuiwezesha plasmidi kuishi ndani ya bakteria, yaani sehemu ya kuanzia kujinakili na jeni la kustahimili dawa. Jeni za vir, zinazokata T-DNA na kuisafirisha, ziko kwenye plasmidi nyingine kubwa, Ti, ambayo Agrobakteria tayari anayo. Mgawanyo huo wa plasmidi mbili ulionyeshwa na watafiti wa Leiden, Uholanzi, mwaka 1983. Mwaka uliofuata ikaja pBIN19, na baadaye ukoo wa pCAMBIA kutoka Australia. Nyingi ninazoulizwa zinatoka kwenye koo hizo mbili.

Kosa la nyumba ya kwanza unaweza kuja kuliona kwenye ya tatu, miezi minne imeshapita. Kwa hiyo fuata dalili, lakini anza na ramani.

Kabla ya yote: jeni lako liko ndani au nje?

Nitasema langu kwanza. Katika maabara niliyojifunzia kazi nilipachika jeni kwenye pCAMBIA, nikapeleka kusomwa mfuatano, herufi zote zikawa sahihi. Nikaingiza kwenye tumbaku mara tatu. Chipukizi zilistahimili haigromaisini, dawa inayoua seli zisizopokea T-DNA, kama kawaida, lakini jeni langu halikuonekana hata kwenye moja. Nilibadilisha praima, nikabadilisha kimeng'enya cha PCR, kipimo cha kulitafuta jeni, nikaanza kumshuku hata muuza dawa. Mzee mmoja wa maabara akapita, akaweka kidole kwenye ramani niliyokuwa nimeibandika ukutani mwenyewe. "Hapa ni ndani au nje?"

Ilikuwa nje. Nilitumia sehemu ya kukatia iliyokuwa upande wa pili wa mpaka wa kulia. Jeni la haigromaisini lilisafiri, langu likabaki stendi.

Kwa hiyo chapisha ramani, paka rangi kati ya mpaka wa kulia na wa kushoto, kisha hakikisha vitu vitatu viko ndani ya rangi: promota (swichi ya kuliwasha jeni), jeni lako na kimalizio chake. Hakikisha pia mipaka yenyewe ipo na inaelekea inakotakiwa. Usafirishaji huanzia mpaka wa kulia na kwenda kushoto. Mpaka wa kulia ukiharibika au ukigeuzwa, karibu kila kitu husimama. Hili la mwelekeo litarudi mbele.

Sahani ya E. coli haina hata koloni moja

Usianze na vekta. Anza na seli. Chukua pUC19, plasmidi ndogo ya kupimia seli, iliyo nzima, pikogramu 10, ingiza kwenye seli zako, sambaza zote. Ukipata koloni 100, maana yake ni koloni milioni 10 kwa kila mikrogramu. Vekta ya mimea ni kubwa, pBIN19 ina karibu jozi 12,000 za besi, na ukishaiunganisha na jeni inakuwa kubwa zaidi, kwa hiyo chini ya hapo mimi sihangaiki kuunganisha. Seli zikitoa koloni tano za pUC19, tatizo ni seli.

Na seli kwetu zinakufa njiani. Mtwara tuko zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, na mzigo wa maabara unakuja kwa basi, kwenye boksi la povu lenye barafu kavu iliyokadiriwa kwa safari ya siku moja. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikakatika kule Somanga, kuna boksi letu lilikaa njiani siku nyingi. Lilipofika karatasi ya nje ilikuwa imelowa, ndani vichupa vinaelea. Kuna mtu alivirudisha kwenye friza haraka haraka "visiharibike zaidi". Kilichoganda mara ya pili kinaonekana salama, na ndicho kilichotupotezea wiki tatu. Siku hizi naweka ndani ya boksi kichupa cha maji kilichogandishwa kikiwa kimelala. Kikifika kimesimama na barafu iko chini, maana yake iliyeyuka ikaganda tena, na nimepata jibu kabla sijafungua kingine chochote.

Seli zikiwa nzima na sahani bado tupu, angalia bafa ya ligesi, kimeng'enya kinachounganisha DNA. ATP iliyomo inaharibika kwa kuyeyushwa na kugandishwa kila siku. Igawe kwenye vichupa vidogo siku inapofika. Kama unatumia njia ya Golden Gate na kimeng'enya BsaI, tafuta GGTCTC ndani ya jeni lako, na pia GAGACC, ambayo ndiyo hiyo hiyo ikisomwa kwenye uzi wa pili. Likiwemo, unalikata kila unapoliunganisha.

Halafu kuna mtego wa vekta za Gateway. Zikiwa hazijapokea jeni zina ccdB, sumu inayoua E. coli wa kawaida. Mtu anapokea vekta tupu, anaiingiza kwenye DH5α, ambaye ni E. coli wa kawaida, ili aizalishe, anapata sahani nyeupe, analalamika ametumiwa DNA mbovu. DNA ni nzima. Inataka E. coli anayestahimili ccdB, kama DB3.1.

Koloni zimejaa lakini ni vekta tupu

Vekta imejifunga yenyewe au haikukatika. Sambaza sahani mbili za ziada: vekta iliyokatwa bila ligesi, na vekta iliyokatwa yenye ligesi bila jeni. Ya kwanza ikijaa, hukukata vizuri. Ya pili tu ikijaa, ondoa fosfeti kwenye ncha, au tumia vimeng'enya viwili visivyolingana. Na ukiona sahani ya ampisilini ina vikoloni vidogo vidogo vimezunguka koloni kubwa kama vifaranga, usivichote. Vimeota kwa sababu koloni kubwa imeimaliza dawa iliyoizunguka.

DNA inayotoka ni kiduchu

pBIN19 na jamaa zake hujinakili kwa nakala chache tu ndani ya E. coli. Mililita 3 hazitoshi. Otesha 50 au 100, basi.

Agrobakteria haoti, au anaota hata asiyepewa kitu

Hapa ndipo simu nyingi zinapoishia. Ni kosa la kuoanisha. Kila aina ya Agrobakteria ina ustahimilivu wake wa dawa, kwenye kromosomu na wakati mwingine kwenye plasmidi yake ya Ti pia. Vekta nayo inakuja na wake. Vikigongana, huwezi tena kujua nani kapokea nani hakupokea.

Zinazozunguka huku ni hizi. LBA4404 anastahimili rifampisini, na plasmidi yake ya Ti inampa streptomaisini. GV3101 mwenye pMP90 ni rifampisini na gentamaisini. EHA105 ni rifampisini peke yake. AGL1 anastahimili rifampisini na karbenisilini. Sasa chukua vekta inayochaguliwa kwa spektinomaisini na streptomaisini, iweke ndani ya LBA4404, sambaza kwenye streptomaisini: kila bakteria ataota, aliyepokea na asiyepokea. Chukua vekta ya gentamaisini, iweke ndani ya GV3101: hadithi ni ile ile. Mbaya kuliko zote ni EHA101 na EHA105. Kwenye kichupa kilichoandikwa kwa kalamu iliyofifia, 1 na 5 zinafanana. EHA101 anastahimili kanamaisini, na vekta nyingi za pCAMBIA na pBIN huchaguliwa kwa kanamaisini ndani ya bakteria. EHA105 ametengenezwa kutoka kwa huyo EHA101 ili kuondoa tatizo hilo hilo. Niliwahi kumwambia kijana mmoja asambaze bakteria wake, asiowapa plasmidi yoyote, kwenye kanamaisini. Siku mbili baadaye alinitumia picha ya sahani iliyojaa kama uji. Hakukuwa na haja ya maneno zaidi.

Kwa hiyo kila mara sambaza sahani nne. Bakteria mtupu kwenye rifampisini peke yake: lazima aote. Bakteria mtupu kwenye rifampisini na dawa ya vekta: lazima asiote. Bakteria aliyepewa plasmidi kwenye rifampisini peke yake: aote kwa wingi, ndipo ujue hawakufa wakati wa kuingiziwa. Na wa nne ndiye jaribio lako. Watu wanaruka tatu za kwanza kubana agari, halafu wanamaliza agari mara nne wakirudia ya nne.

Sahani tupu kabisa? Angalia rifampisini kwanza. Haiyeyuki vizuri kwenye maji, iyeyushe kwenye methanoli au DMSO, na kichupa kikae gizani. Kisha ukumbuke kwamba Agrobakteria hana haraka: nyuzi 28, siku mbili hadi tatu, na LBA4404 huwa mzito kuliko GV3101. Koloni nono inayoonekana asubuhi baada ya usiku mmoja si yake. Huyo ni mgeni.

Kama unaingiza kwa umeme, kilovolti 2.5 kwenye kikombe chenye mwanya wa milimita 2, na ukasikia "pah!" na kimwanga cha samawati, seli zimeungua. Mara nyingi ni chumvi iliyobaki kwenye DNA. Kwetu kuna sababu ya pili: kikombe kinatoka kwenye barafu, hewa ya pwani ina unyevu, ndani ya nusu dakika kimejaa umande nje, na umeme unapita njia ya mkato. Kifute kwa karatasi laini kabla ya kukitia kwenye mashine. Asiye na mashine atumie kugandisha na kuyeyusha: mikrogramu moja ya DNA, nitrojeni ya kimiminika, kisha nyuzi 37 kwa dakika 5. Nitrojeni waulize watu wa uhimilishaji wa ng'ombe. Mbegu zao zinalala humo.

Na kama vekta yako ni ya ukoo wa pGreen, haijinakili ndani ya Agrobakteria bila plasmidi mwenza iitwayo pSoup. Bila pSoup utasubiri koloni hadi msimu wa korosho uishe.

Bakteria wameota vizuri, mmea haupokei

Hapa nitakaa kidogo.

Kuna kipindi nilipitia daftari la miaka kadhaa la maabara moja ndogo ya huku kwetu, nikiandika pembeni mwa kila jaribio kama lilifaulu au halikufaulu. Sikuwa na nadharia. Lakini ukurasa ulipojaa alama, zilikuwa zimejipanga zenyewe: ya Juni, Julai na Agosti yamefaulu, ya Desemba hadi Machi yamekufa. Itifaki ile ile, vekta ile ile, mikono ile ile. Wavuvi wa Mikindani wangenijibu bila daftari. Ya kusi yamefaulu, ya kaskazi yamekufa.

Inkubeta ya kawaida inajua kupasha tu, kupooza haijui. Ukiiwekea 28 na chumba kiko 32, taa itazimika, na ndani kutakuwa 32 na zaidi kidogo, kwa sababu mota ya kutikisia nayo inatoa joto. Kioo cha mbele kitaendelea kuonyesha namba uliyoiomba. Binti mmoja alibisha: "Kaka, inasoma 28." Nikamwomba aweke glasi ya maji ndani, atie kipimajoto cha kioo, afunge, arudi baada ya saa mbili. Akapiga picha: uzi mwekundu umesimama kwenye 33.

Na mtego ni kwamba kwenye 33 Agrobakteria bado anaota. Chupa inakuwa nzito, kipimo cha OD, yaani wingi wa bakteria, kinapendeza, unaridhika. Kilichokufa ni kazi ya ubebaji. Protini ya VirA, inayohisi harufu ya kidonda cha mmea na kuziamsha jeni nyingine za vir, hupoteza uwezo huo joto linapopita nyuzi 32 hivi. Mrija ambao T-DNA hupitia hujengeka vizuri zaidi kwenye ubaridi, karibu na nyuzi 20. Na ukiwaotesha bakteria wa ukoo wa C58, ambao GV3101 ni mmoja wao, kwenye nyuzi 37 kwa muda mrefu, wanaweza kuitupa Ti yenyewe. Hapo umebaki na bakteria mnene asiye na gari.

Jambo hili si geni. Miaka ya 1940 huko Marekani, Armin Braun alionyesha kwamba joto la nyuzi 32 linazuia kuanza kwa uvimbe ambao bakteria huyu huuletea mmea, wakati hata plasmidi ya Ti haijajulikana. Mmea aliotumia ni Vinca rosea, lile ua la pinki lenye petali tano lililotoka Madagaska, linalojiotea nyuani kwetu na pembezoni mwa makaburi. Nikilipita nikienda sokoni huwa namkumbuka.

Dawa yake? Mwenye fedha anunue inkubeta yenye kupooza. Mwenye chumba cha kiyoyozi aitoe inkubeta, aoteshe wazi humo chumbani na kipimajoto kando. Sisi wengine tuna deli. Deli lile lile la muuza maji ya baridi wa stendi: ndani weka chupa mbili za lita moja na nusu za maji ya friji, yasiwe barafu, juu yake kichanja cha waya, juu ya kichanja sahani zako zimefungwa vizuri, kipimajoto, funika. Badilisha chupa asubuhi na jioni. La kwangu linakaa kati ya 21 na 24, na siku mbili au tatu za kuwakutanisha bakteria na tishu zinatakiwa ziwe gizani hata hivyo. Umeme ukikatika halijui. Niliwahi kujaribu mtungi wa udongo uliozungushiwa gunia bichi, kama wanavyofanya bara. Kwa unyevu wa pwani maji hayakauki, kwa hiyo haupoi. Usihangaike nao.

Joto likiwa sawa na bado hakuna kitu, hamia kwenye asetosiringoni. Hiyo ndiyo harufu ya kidonda kwa lugha ya kemia. Iyeyushe kwenye DMSO, si maji. Iongeze mwishoni kabisa, agari ikiwa imepoa. Mikromola 100 hadi 200. Na pH ya chakula iwe ya uchachu, 5.2 hadi 5.6. Aliyeipika kwenye otoklevu pamoja na agari, au aliyeacha pH ya 7 kwa mazoea ya LB, chakula cha E. coli, ndiye huyo anayepiga simu.

Kabla ya kutoa tena miezi kwenye muhogo, jaribu bakteria wale wale kwenye jani la Nicotiana benthamiana. Bomba la sindano lisilo na sindano, bonyeza upande wa chini wa jani, jani likilowa kama limemwagiwa mafuta umeingiza. Siku tatu unajua kama vekta na bakteria wanafanya kazi. Wakifanya kwenye benthamiana na si kwenye muhogo, mkosaji ni tishu yako. Na kwa muhogo usianze na Kiroba kwa sababu tu ndio unaopandwa na majirani. Anza na 60444, aina ambayo maabara nyingi duniani huitumia, ukiwa na kalasi (tishu ambayo haijawa jani wala mzizi) laini inayovunjika kama makapi. Ukiishaiweza hiyo, nenda kwa Kiroba au Albert na shida zake. Wanaoniuliza juu ya mkorosho nawaambia ukweli: tishu inatoa maji meusi na kufa kabla hata bakteria hawajafika.

Jani limekuwa la buluu, umefurahi mapema

Jeni la GUS linatoa rangi ya buluu ukililoweka jani kwenye X-Gluc usiku kucha kwenye nyuzi 37, kisha ukaondoa kijani kwa ethanoli. Tatizo ni kwamba bakteria nao wanaweza kulisoma. Kwenye vekta ya pBI121 GUS haina introni, kipande cha kati ambacho seli ya mmea hukiondoa inaposoma jeni, kwa hiyo Agrobakteria aliyejificha kwenye kidonda anaweza kutoa buluu yake mwenyewe. Ukiona rangi imekaa kwenye ukingo wa mkato tu, kama wino uliovuja, shuku.

pCAMBIA1301 imewekewa introni ndani ya GUS. Bakteria hawezi kuiondoa, mmea unaweza. Buluu ikitokea imetoka kwenye seli ya mmea. Introni yenyewe ilichukuliwa kwenye jeni la katalesi la mbarika, huu huu mnyonyo unaoota nyuma ya vyoo na kwenye majalala ya mji.

Chipukizi zimestahimili dawa, jeni halimo

Kuna waliotoroka na kuna waliopokea nusu. Waliotoroka ni kwa sababu kipimo cha dawa ni kidogo au vipande vimebanana, kilichopokea kinamkinga jirani. Kabla ya jaribio lolote, weka tishu isiyopewa kitu kwenye viwango vitano vya dawa uone ipi inaiua yote. Usinakili kipimo cha tumbaku ukakipeleka kwenye muhogo. Na nyasi, mpunga ukiwemo, nyingi hazijali sana kanamaisini. Tumia haigromaisini, na vaa glavu.

Waliopokea nusu ndio wa ramani. Kwa kuwa safari inaanzia mpaka wa kulia, T-DNA ikikatikia njiani inayopotea ni sehemu ya kushoto. Kwenye pCAMBIA jeni la kuchagulia liko karibu na kushoto, yaani huingia mwisho: aliyestahimili dawa ameshapokea la kwako. Kwenye pBIN19 na pBI121 ni kinyume. Jeni la kanamaisini huingia kwanza, na lako likibaki njiani mmea bado utaishi na kukudanganya. Ukiwa na uchaguzi, chagua ya kwanza.

PCR nayo ina uongo wa upande mwingine. Bakteria wachache waliobaki kwenye tishu wanatosha kukupa mstari mzuri kwenye jeli. Kila sampuli ipimwe pia kwa praima za jeni la vir, kama virG, ambalo haliko kwenye T-DNA. virG ikionekana, mmea wako una wapangaji.

Ukungu mweupe umezunguka kalasi

Wapangaji hao hao, wamezidi. Umewaachia siku nyingi, au uliwaweka wengi. Osha, kisha weka sefotaksimu au Timentin, miligramu 250 hadi 500 kwa lita. Ila kama ulitumia AGL1 na unamwaga karbenisilini, unampa maji ya kunywa. Rudi kwenye orodha ya juu.

Jeni limo, halisemi

PCR safi, virG hakuna, na mmea haufanyi chochote. Mara nyingi nakala ni nyingi mno na mmea umezinyamazisha. Promota ya 35S ikiwa imetumika mara mbili au tatu kwenye T-DNA moja unaongeza uwezekano huo, na marudio hayo hayo yanaweza kuifanya plasmidi ijipange upya ikiwa bado ndani ya Agrobakteria. Itoe huko, irudishe kwenye E. coli, ikate, linganisha na ya mwanzo. Kwa tumbaku chagua mimea ambayo mbegu zake zinagawanyika tatu kwa moja kwenye dawa. Muhogo hatuuendei kwa mbegu, kwa hiyo hesabu nakala kwa kipimo cha DNA kiitwacho Southern.

Pima pia kama sehemu ya nje ya mipaka imeingia. Mpaka wa kushoto hurukwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na mwili mzima wa vekta ukaingia na jeni lake la bakteria. Praima mbili za uti wa vekta zinatosha. Mmea wa namna hiyo utupe mapema, kwa sababu hata ukifanya kazi hautapita kwenye meza ya wakaguzi, kwa kanuni za usalama wa bayoteknolojia za 2009 zilizo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

Kuutupa maana yake ni otoklevu, nyuzi 121, pamoja na agari na udongo wake. Yule binti wa kipimajoto aliniuliza kama anaweza kuchukua kijiti kimoja tu akakipande kwao Nanguruwe, aone kama ugonjwa wa michirizi ya kahawia utakigusa. Nikamwambia hapana, na nikamsubiri kwenye simu mpaka nikasikia otoklevu inafungwa.